Eduardo Mondlane: Aliyeanzisha Shule Kabla ya Kupata Nchi



Katika safu hii ya maisha ya waliotutangulia tumezoea kuwaletea habari za wamisionari na wainjilisti. Safari hii tumemchagua mtu ambaye hakuwa mchungaji wala padre. Alikuwa mchunga ng'ombe, kisha mwalimu wa kilimo, kisha profesa, na mwishowe kiongozi wa chama cha ukombozi. Lakini alilelewa na kanisa, alisomeshwa na kanisa, na miaka yake ya mwisho aliishi ugenini katika nchi jirani, pamoja na watu wake waliovuka mto wakikimbia vita. Jina lake ni Eduardo Chivambo Mondlane wa Msumbiji.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo vijana wetu wanatuuliza mara kwa mara: hata amani ikija, tutarudi kwenye nini? Shule zimechomwa, zahanati hazina dawa, ofisi hazina watu waaminifu. Wengi wetu tunajibu kwamba tungoje kwanza amani, ndipo tuanze kujenga. Mondlane na wenzake hawakungoja. Walianza kujenga shule, zahanati na maduka ya nchi yao wakiwa bado hawana nchi. Katika kujenga huko walifaulu kwa mengi, na jambo moja kubwa waliliacha bila kulijenga. Yote mawili yanatuhusu.

Tuseme mapema pia kwamba chama alichokiongoza kilishika silaha. Sisi tuliofukuzwa makwetu na bunduki hatuandiki ili kuisifu bunduki. Tunaandika juu ya kazi ya kujenga, ambayo mara nyingi husahauliwa watu wanaposimulia vita.

Mtoto wa Nwadjahane

Eduardo alizaliwa tarehe 20 Juni 1920 katika kijiji cha Nwadjahane, wilaya ya Manjacaze, mkoa wa Gaza, kusini mwa Msumbiji. Watu wake ni Watsonga. Baba yake alikuwa chifu, lakini alifariki Eduardo akiwa bado mtoto mdogo sana, akabaki na mama yake. Mpaka alipokaribia miaka 12 kazi yake ilikuwa kuchunga mifugo pamoja na ndugu zake.

Mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba lazima aende shule. Aliona kwamba wazungu wana siri fulani ya nguvu zao, na kwamba mtu wa kwao akiijua siri hiyo ataweza kusimama mbele yao. Mama huyo naye alifariki Eduardo angali kijana mdogo, lakini agizo lake lilibaki moyoni mwake.

Wakati huo Msumbiji ilikuwa chini ya Ureno. Watu walilazimishwa kufanya kazi bila hiari yao, walilazimishwa kulima pamba, na wanaume wengi walikwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini. Mwafrika aliyetaka kusoma alikuta njia fupi sana. Kwa mapatano ya mwaka 1940 kati ya Ureno na Vatikani, elimu ya Waafrika iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki, na Waprotestanti wakabanwa. Hatuyasemi haya ili kuwachokoza ndugu zetu Wakatoliki. Baadaye, mwaka 1971, Mapadre Weupe waliamua kuondoka Msumbiji kwa sababu hawakutaka kunyamazia maovu ya watawala. Tunayasema ili mfahamu kwamba mtoto mweusi na Mprotestanti alikuwa na milango miwili iliyofungwa, si mmoja.

Eduardo alipokewa na misheni ya Wapresbiteri kutoka Uswisi. Huko aliingia katika vikundi vya vijana vilivyoitwa mintlawa, ambamo vijana walijifunza kuomba, kusoma Biblia, kufanya kazi kwa pamoja na kujiongoza wenyewe. Naye akawa mmoja wa viongozi wa vikundi hivyo. Mmisionari mmoja, André-Daniel Clerc, alimlea kama mwanawe, na wakaandika pamoja kitabu juu ya maisha ya mtoto wa chifu, kilichotoka mwaka 1946. Wanaomfahamu vizuri husema kwamba uongozi wake aliujifunza kwanza katika vikundi vile vya kanisa.

Milango iliyofungwa

Baada ya shule ya msingi hakupata nafasi ya sekondari nchini mwake. Akaenda kwa Wamethodisti huko Cambine, mkoani Inhambane, akajifunza kilimo cha sehemu kavu. Aliporudi aliwafundisha wakulima wa kwao namna ya kulima mahali ambapo mvua ni haba.

Mwaka 1944 alipata msaada wa masomo, akavuka mpaka kwenda Lemana, shule ya misheni katika jimbo la Transvaal, Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 24, akikaa darasani na watoto wadogo kwake. Hakuona haya. Alimaliza sekondari, akasoma kazi za ustawi wa jamii mjini Johannesburg, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Lakini mwaka 1948 chama cha ubaguzi wa rangi kilikuwa kimeshika serikali, na mwaka 1949 kibali chake cha kukaa kikakataliwa. Wanafunzi wenzake walilalamika, haikusaidia. Akarudishwa kwao, na huko Wareno wakamkamata na kumhoji, kwa maana alikuwa ameshiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari.

Wapendwa, wangapi kati yetu tunajua maana ya kibali kukataliwa? Wangapi tumeacha masomo katikati kwa sababu ya karatasi moja?

Mwaka 1950 alikwenda Lisbon, mji mkuu wa wale wale waliomtawala. Huko alikutana na vijana kutoka makoloni mengine, akiwamo Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau na Cape Verde na Agostinho Neto wa Angola. Askari wa siri walimfuatafuata, akaomba masomo yake yahamishiwe Marekani. Alifika Chuo cha Oberlin mwaka 1951 akiwa na miaka 31, akamaliza mwaka 1953, kisha akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1960. Kwenye kambi ya vijana Wakristo alifahamiana na Janet Rae Johnson, binti Mmarekani, wakafunga ndoa mwaka 1956. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka 1957 aliajiriwa na Umoja wa Mataifa mjini New York, katika idara iliyoshughulikia nchi zilizokuwa chini ya udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo, na hivyo akafahamiana na Julius Nyerere aliyekuwa akifika huko kudai uhuru wa nchi yake. Mwaka 1961 alipata nafasi ya kuitembelea Msumbiji pamoja na mkewe. Watu walimiminika kumwona. Mtoto wa kwao, aliyechunga ng'ombe, amerudi na kazi ya Umoja wa Mataifa! Aliona pia jinsi walivyokuwa wakiteseka. Aliporudi Marekani akaacha kazi ile, kwa sababu haikumruhusu kusema neno la siasa, akawa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Syracuse.

Hapo maisha yake yalikuwa yametulia. Alikuwa na mshahara, nyumba, mke na watoto, na heshima ya profesa. Wengi wetu tungesema Mungu amejibu maombi, sasa yametosha.

Kuunganisha waliotawanyika

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wakimbizi na wafanyakazi wa Msumbiji wakaanza kukusanyika Dar es Salaam, wakiwa na vyama vitatu. MANU kilikuwa na nguvu kati ya Wamakonde waliokuwa wakifanya kazi Tanganyika na Kenya. UDENAMO kilianzishwa na waliokuwa Rhodesia. UNAMI kilitokana na watu wa Tete waliokuwa Malawi. Kila chama kilikuwa na eneo lake, lugha zake na wakubwa wake.

Tarehe 25 Juni 1962 vyama hivyo viliungana vikawa FRELIMO, na Mondlane akachaguliwa rais. Alimaliza mafundisho yake Syracuse, na mwaka 1963 akahamia Dar es Salaam na jamaa yake. Alichokikuta ni ugomvi. Katika muda mfupi aliokuwa mbali, viongozi kadhaa walikuwa wamefukuzana na wengine wamejitenga.

Vita vilianza tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, Cabo Delgado. Wareno walilipiza kisasi vijijini, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Walipewa makazi kusini, kama vile Rutamba katika eneo la Lindi. Walipewa ardhi walime, kama tulivyopewa wengi wetu.

Shule, zahanati na duka

Kabla ya vita kuanza, Mondlane alikuwa ameshaanza kazi nyingine. Mwaka 1963 ilianzishwa Taasisi ya Msumbiji huko Dar es Salaam. Ilianza kama bweni la wanafunzi wakimbizi, kisha ikawa sekondari. Janet Mondlane ndiye aliyeiongoza na kuitafutia fedha. Shirika moja kubwa la Marekani lilitoa msaada wa kwanza, Ureno ikalalamika, na msaada ule haukuendelea. Janet akazunguka Ulaya, hasa nchi za Skandinavia, akiomba kwa serikali, makanisa na watu wa kawaida. Baada ya kifo cha mumewe, mwaka 1970, Baraza la Makanisa Ulimwenguni nalo lilitoa mchango.

Kwa nini shule katikati ya vita? Mondlane alijua hesabu ya nchi yake. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Aliona kwamba siku Wareno watakapoondoka, hakutakuwa na mwalimu, muuguzi wala karani. Nchi itakuwa na bendera tu. Basi Taasisi ikafundisha sekondari, ikafundisha wauguzi wasaidizi, ikaandika vitabu vya historia na jiografia ya Msumbiji, kwa kuwa vitabu vya Wareno vilimfundisha mtoto mito na wafalme wa Ureno. Baadaye palikuwa na kituo cha watoto Tunduru na hospitali Mtwara.

Ndani ya Cabo Delgado na Niassa, mahali ambapo Wareno walikuwa wameondolewa, kazi ilikuwa ngumu zaidi. Madarasa yalikuwa chini ya miti mikubwa, ili ndege za vita zisiyaone. Aliyefika darasa la nne alifundisha waliokuwa la kwanza na la pili. Walimu wenyewe walilima shamba la shule pamoja na watoto. Waliopata mafunzo kidogo ya uuguzi walitembea vijijini wakichanja watu dhidi ya ndui. Maelfu ya watoto walijifunza kusoma kwa namna hiyo. Kuanzia mwaka 1967 wanawake nao waliingizwa rasmi katika kazi hizo, ingawa wazee wengi walipinga.

Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba, ambaye baadaye aliolewa na Samora Machel. Alitoroka Msumbiji mwaka 1964 akiwa na miaka 18, akakamatwa njiani, akarudishwa na kufungwa, akatoroka tena mpaka Dar es Salaam. Alifanya kazi Taasisi akimsaidia Janet. Alipopewa nafasi ya kwenda kusoma Uswisi aliikataa, akachagua kuwahudumia watoto yatima wa vita. Alifariki kwa ugonjwa mwaka 1971 akiwa na miaka 25 tu.

Palikuwa pia na swali la duka. Wafanyabiashara walipokimbia, watu walikosa chumvi, nguo, sabuni na majembe. Vijiji vikakubaliana kulima na kuuza kwa pamoja. Korosho, karanga na ufuta vilibebwa kichwani siku nyingi hadi Ruvuma, vikauzwa Tanzania, na bidhaa zikarudi kwa njia ile ile. Kwa watu waliokuwa wamelazimishwa kulima pamba ya mzungu kwa bei ya kudhulumu, hilo lilikuwa jambo jipya kabisa.

Ila hapo ndipo ufa ulipoonekana. Biashara ya Cabo Delgado ilikuwa chini ya Lázaro Nkavandame, mzee mwenye heshima kati ya Wamakonde. Watu wa kawaida wakaanza kulalamika kwamba bidhaa zinauzwa ghali na faida inawafikia wachache. Msomaji wa Biblia atakumbuka Nehemia sura ya 5. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa bado haujakamilika, na adui alikuwa nje, lakini kilio kikubwa cha maskini kilikuwa juu ya ndugu zao Wayahudi waliowatoza riba. Nehemia alisimamisha jambo lile kwanza. Mondlane naye ilimbidi achague kati ya kumlinda mkubwa na kumsikiliza mbeba mizigo. Alichelewa, lakini mwishowe aliwasikiliza wabeba mizigo. Mwanzoni mwa mwaka 1969 Nkavandame alisimamishwa.

Mwaka mgumu

Mwaka 1968 ulikuwa mwaka wa machozi. Ugomvi ulianzia pale pale shuleni. Chama kilikuwa kimeagiza kwamba mwanafunzi akifika kiwango fulani arudi kwanza akahudumu, afundishe au atibu, ndipo baadaye apelekwe masomo ya juu ng'ambo. Wanafunzi wengi hawakutaka. Waliona kwamba nafasi ya Ulaya au Marekani ikipita haitarudi. Wakauliza pia kwa nini wao waambiwe warudi, na kiongozi mwenyewe ana shahada ya udaktari, mke mzungu na nyumba nzuri Dar es Salaam. Kasisi mmoja mwenye maneno makali, Mateus Gwenjere, aliwaunga mkono, akapinga kuwapo kwa walimu wazungu. Kukazuka pia maneno ya watu wa kusini na watu wa kaskazini.

Tusiwahukumu vijana wale upesi. Hapa kwetu nani hajui uchungu wa kungoja jina lako litoke kwenye orodha ya nchi ya tatu? Madai yao mengine yalikuwa na ukweli. Lakini Mondlane naye alikuwa na hoja nzito. Kama kila anayejua kusoma ataondoka, ni nani atakayemfundisha mtoto aliyebaki chini ya mti? Kuhusu walimu wazungu, alishikilia kwamba vita ni dhidi ya utawala mbaya, na mtu hahukumiwi kwa rangi ya ngozi yake.

Usiku mmoja wa mwezi Machi kukawa na ghasia bwenini, wanafunzi wakaumizwa, na shule ikafungwa. Baadhi ya walimu wenye asili ya Ureno wakaamriwa kuondoka Tanzania. Mwezi Mei ofisi ya chama ilivamiwa na mtu mmoja akauawa. Alichokijenga kwa miaka mitano kilikuwa kinabomoka mikononi mwa watu wake mwenyewe.

Mwezi Julai aliitisha mkutano mkuu wa pili. Waliompinga walitaka ufanyike Tanzania. Yeye akaupeleka ndani ya Msumbiji, mahali paitwapo Machedje, Niassa, ili watu waliokuwa wakibeba mizigo na kufundisha watoto wapate nao kusema. Alichaguliwa tena. Mashaka hayakwisha.

Kifurushi

Asubuhi ya Jumatatu tarehe 3 Februari 1969 Mondlane alichukua barua zake na kwenda kufanya kazi katika nyumba ya rafiki huko Oyster Bay, kando ya bahari, mahali palipokuwa na utulivu. Ndani ya barua mlikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka likamuua papo hapo. Alikuwa na miaka 48. Wengi waliwalaumu askari wa siri wa Ureno, na wengine walishuku kwamba palikuwa na mkono wa ndani.

Ibada ya mazishi iliongozwa na Mchungaji Edward Hawley, rafiki yake tangu siku za Oberlin, ambaye wakati ule alikuwa akiwahudumia wakimbizi Dar es Salaam. Alizikwa makaburi ya Kinondoni, katika ardhi ya ugenini. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Kitabu chake juu ya mapambano ya Msumbiji kilichapishwa mwaka ule ule, naye hakukiona.

Kilichobaki, na kilichokosekana

Uhuru ulikuja tarehe 25 Juni 1975. Wareno wengi waliondoka kwa haraka, pamoja na madaktari na walimu wao. Yale aliyoyahofia Mondlane yalitokea. Lakini palikuwa na watu waliojifunza kazi chini ya miti. Shule ya sekondari ilikuwa imefunguliwa tena huko Bagamoyo, na waliosoma huko na Tunduru walirudi nyumbani wakawa walimu na viongozi. Mmoja wa walimu wale walioamriwa kuondoka mwaka 1968, daktari Helder Martins, ndiye aliyekuwa waziri wa kwanza wa afya, na katika miaka ya kwanza chanjo ilipelekwa nchi nzima. Mwaka 1976 chuo kikuu cha nchi kilipewa jina la Eduardo Mondlane, na kinaitwa hivyo mpaka leo.

Sasa tuseme na upande wa pili, kama tulivyoahidi. Watu wale walijenga shule, zahanati na duka. Hawakujenga mahali pa haki kwa ndugu mliyegombana naye. Uhuru ulipokaribia, Nkavandame na Gwenjere walikamatwa, na pamoja nao Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane na mchungaji wa kanisa. Waliuawa bila kufikishwa mbele ya mahakama. Mondlane hakuwapo, wala hatuwezi kumlaumu kwa hilo. Lakini jeraha la 1968 halikutibiwa, likafukiwa tu. Shule na hospitali za misheni zilitwaliwa na serikali, na makanisa yakabanwa kwa miaka kadhaa. Kisha vikaja vita vya wao kwa wao vya miaka 15 hivi, na zaidi ya watu milioni moja wakawa wakimbizi tena. Shule na zahanati zilizojengwa kwa jasho zilichomwa kwa wingi.

Na amani ilipopatikana, tarehe 4 Oktoba 1992 mjini Roma, kati ya wapatanishi alikuwamo Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira pamoja na Jumuiya ya Sant'Egidio. Tangu mwaka 1995 Baraza la Kikristo la Msumbiji, likiongozwa katika kazi hiyo na Askofu Dinis Sengulane wa Waanglikana, lilikusanya bunduki kwa watu na kuwapa majembe, baiskeli na vyerehani. Kanisa lililokuwa limebanwa ndilo lililokuja kujenga kile kilichokosekana.

Na sisi je?

Wapendwa, hatuna jeshi wala hatulitaki. Lakini shule ya watoto wetu tunayo, hata kama madawati hayatoshi. Tuna kikundi cha akina mama cha akiba, tuna kamati ya maji, tuna walioweka kando jioni zao kuwafundisha watu wazima kusoma. Hivyo ndivyo vipande vya nchi tutakayoirudia. Mweka hazina anayetoa hesabu kamili leo chini ya turubai anajifunza kazi ya kesho. Na anayepunja mgao wa mjane leo, kesho tutamkuta ofisini.

Tena, wazee wetu wanaokaa kusuluhisha ugomvi wa koo na makabila humu kambini wasidharauliwe. Msumbiji ilikosa kikao kama hicho, na watoto wao wakakilipia.

Tunaomba jumuiya zetu za nyumbani zizungumze juu ya mambo haya matatu wiki hii:

1. Kijana akipata nafasi ya kusoma mbali, ana deni gani kwa wadogo zake waliobaki?
2. Katika vikundi vyetu, hesabu inasomwa mbele ya wote? Kama haisomwi, ni kwa nini?
3. Ni ugomvi gani kati yetu tumeufukia badala ya kuumaliza?

Someni pia Nehemia sura ya 2 hadi ya 5, kila familia pamoja na watoto.

Ee Mungu Baba, uliyewarudisha watu wako Yerusalemu, tupe mikono ya kujenga tukiwa bado ugenini. Utuondolee tamaa na ukabila. Uwakumbuke waliokufa mbali na kwao, na utupatanishe sisi kwa sisi kabla hujaturudisha. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.